Afisa amwache mtoa habari wake atege bomu "dogo" ili asishtukiwe? Nimekwama kwenye riwaya

Chumvi_ya_Tanga

Wakuu salamu. Mi naandika riwaya ya kijasusi, naitupia kwenye grupu la WhatsApp kila Ijumaa usiku, wasomaji wanachangia buku buku, sio hela ya kujengea nyumba ila bando halikatiki. Nimefika sehemu ya kumi na nne nimekwama kabisa, wiki ya pili hii sijaposti na watu wananitukana hadi inboksi.

Stori iko hivi. Kuna afisa usalama anaitwa Mbaruku, mtu mzima, ana kijana wake wa kumletea habari anaitwa Sudi. Huyu Sudi ni kuli bandarini, miezi minane sasa kajipenyeza kwenye kikundi kinachopanga kulipua boti ya abiria. Wakubwa wa kikundi bado hawamwamini, si unajua tena mgeni lazima apimwe, basi wanampa begi wanamwambia kaliache kwenye godauni fulani saa nane usiku, likilipuka ndo tutajua we ni mwenzetu. Sudi anampigia Mbaruku. Mbaruku anajua godauni lile analala mlinzi, mzee mmoja anafuga kuku nyuma ya ukuta. Akimwondoa yule mzee usiku uleule kikundi kitajiuliza mlinzi kajuaje, Sudi anachinjwa. Akimkataza Sudi, Sudi anachinjwa vilevile na boti haijulikani ni ipi wala siku gani. Akinyamaza, mzee na kuku wake ndo basi tena.

Mi nimekulia kwenye vitabu vya yule jasusi Willy Gamba, vya baba, vile vilivyokwisha majalada, mle hakuna kigugumizi, adui ni adui, ngumi, risasi, mrembo, kazi imeisha. Wasomaji wa sasa hawataki hivyo, wanataka afisa akose usingizi. Nikashauriwa niangalie Eye in the Sky ya 2015, ile ya droni inayotaka kupiga nyumba ya magaidi Nairobi huku mtoto anauza mikate nje ya ukuta. Nimeangalia nimeduwaa, lakini kwa Mbaruku haijanisaidia kitu.

Sasa watu wa kazi hiyo huwa wanaamuaje kiukweli? Na kuna uamuzi ambao msomaji hatanirushia mawe? Alafu sehemu ya kumi na sita nimepanga mmoja wa kile kikundi akamatwe ateswe, ndani ya nusu saa ataje boti. Karibuni.

Kachumbari_Kali

Unajitesa bure mkuu. Boti ina watu mia tatu, mzee ni mmoja, hesabu ya darasa la tatu hiyo. Mzee afe, Mbaruku aende msibani kavaa miwani myeusi, arithi kuku. Posti Ijumaa tumechoka kusubiri.

Isilii_Section3

Chumvi wacha kwanza niseme kuhusu hiyo muvi juu mimi nimezaliwa Eastleigh, ule mtaa wa Nairobi wanaonyesha, na imenikera tangu siku ya kwanza nimeiona. Ati mtaa uko na wanamgambo wanazunguka na pikapu na bunduki kubwa mchana peupe na hakuna polisi anaingia. Eastleigh gani hiyo? Hapa First Avenue hata mkokoteni unapita kwa shida, ni moli juu ya moli, ukitokea na bunduki kama ile mwenye duka la mapazia atakuuliza unauza ngapi. Walienda kushuti Afrika Kusini na inaonekana kabisa.

Lakini hiyo tuweke kando. Mwenye alinishika ni Jama, yule jasusi ako pale mtaani, mwenye Barkhad Abdi ameigiza. Cheki vile watu wamekaa: kanali yuko Uingereza, marubani wako Nevada kwa kontena, waziri wa mambo ya nje yuko Singapore tumbo linamsumbua, kila mtu anasukumia mwenzake uamuzi ndio kesho asiulizwe. Alafu yule kanali anamkalia kijana wa hesabu mpaka uwezekano wa mtoto kufa unatoka asilimia sitini na kitu unafika 45, juu ikipita hamsini sheria inakataa. Hiyo namba haikupatikana, ilifinywa. Mtu wa pekee mwenye anaweza kunusa huo mkate ni Jama. Na yeye anafanya nini? Anaenda kununua mikate yote ndio mtoto arudi kwao. Anashtukiwa, anakimbia, anapatia kijana mwingine pesa aende anunue. Manze mtu ako na droni ya saizi ya mdudu, ameingiza kamera mpaka ndani ya nyumba, na mwisho wa siku kitu inaweza kuokoa mtoto ni pesa ya mkate.

Sasa Mbaruku wako ako na kitu gani rahisi hivyo? Ako na kuku! Tuma kijana aibe kuku wa mzee jioni. Mzee ataamka usiku kuwatafuta, na hakuna gaidi atashuku mwizi wa kuku.

Kitu ingine. Mnaandika "mtoa habari" ni kama ni cheo. Huku kwetu baada ya ule msako wa polisi wa 2014 wa kutafuta magaidi, watu wakajazwa Kasarani stediamu, mtaa wote ulikuwa unaangaliana. Kuna jirani yetu alikuwa anaitwa kila mwezi na mtu, sitasema wa wapi, anaambiwa tuletee majina ama karatasi zako zipotee. Hakuwa anajua gaidi yeyote. Sasa utafanya nini, unaleta majina ya wenye mmekosana. Huyo ndio "sosi" wa ukweli mara mingi, na mwenye anaandika ripoti huko juu anaona tu majina matatu yamechapwa vizuri.

Wakili_wa_Mchongo

Kaka Chumvi mi nianze na sehemu ya kumi na sita. Ifute. Simaanishi uipunguze, ifute yote.

Hilo la kumtesa mtu nusu saa akataja ukweli ni la kwenye runinga, na limeharibu watu kweli. Novemba 2006 mkuu wa taaluma wa West Point, chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani, brigedia jenerali kabisa, alisafiri hadi California kuwaona waliokuwa wanatengeneza tamthilia ya 24 kuwaambia jamani punguzeni, vijana wangu wanaona haya mambo wanadhani ndivyo kazi inavyofanywa. Jeshi linaenda kubembeleza watunzi, hebu fikiria.

Alafu angalia mambo mawili haya. La kwanza, Nairobi 1998. Baada ya bomu la ubalozi wa Marekani, lile lililoua watu 213 pale mjini siku moja na la Dar, alikamatwa kijana mmoja Msaudi aitwaye al-Owhali, alikuwa ndani ya lori la bomu akaruka dakika ya mwisho. Alikuwa kajificha hapohapo Eastleigh kwa Section3. Wapelelezi wa FBI wakakaa naye siku kadhaa, maswali, ramani, maswali tena, wakimbana na uongo wake mwenyewe. Mwisho alisema nitaeleza yote mkinihakikishia nitashitakiwa Marekani, adui yangu ni Marekani sio Kenya. Akaeleza, na akatoa namba ya simu ya nyumba moja Yemen ambayo ilikuja kugundulika kuwa ndo kituo cha kupitishia simu za al-Qaeda nzima. Hakumwagiwa maji puani na alifungwa maisha kwenye mahakama ya wazi.

La pili, Ibn al-Shaykh al-Libi, Mlibya aliyeshukiwa kuwa wa al-Qaeda, alikamatwa mwishoni mwa 2001 akapelekwa Misri. Huko akabanwa hadi akasema Iraq inawafundisha al-Qaeda mambo ya sumu na kemikali. Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akayasoma maneno yale Umoja wa Mataifa. Vita ikaanza. Mwaka 2004 jamaa akaja kuyakana, akasema nilitunga nipumzike. Sasa Mbaruku wako kamtesa mtu, katajiwa boti, anajuaje kama sio boti ya uongo na ile yenyewe ndo inapakia abiria?

Na ukitaka namba, ripoti ya Seneti ya Marekani ya Desemba 2014 ipo, Khalid Sheikh Mohammed, yule aliyepanga Septemba 11, alimwagiwa maji usoni kama anazamishwa mara 183 mwezi mmoja wa Machi 2003. Kama kitu kinafanya kazi kwa nini urudie mara 183.

Kachumbari_Kali

Dada hayo ni ya kwenye makaratasi. Westgate 2013, ile moli ya Nairobi iliyovamiwa na magaidi, pale watu 67 wamekufa, ungekuwa na mmoja wao mkononi saa ileile ungemnywesha chai?

Wakili_wa_Mchongo

Ningemnywesha chai, na wakati anakunywa ningekuwa napekua simu yake. Lakini mdogo wangu umeruka swali, umesema "mmoja wao". Nani kakwambia ni mmoja wao? Kwenye muvi kamera imeingia chumbani, tumewaona kwa macho wanavaa mabomu, sura zimefananishwa na picha, mtazamaji kaondolewa wasiwasi wote kabaki na huruma tu. Huko duniani sasa, Kabul tarehe 29 Agosti 2021, Wamarekani wakafuata Corolla nyeupe kwa droni kutwa nzima, karibu masaa manane, wakaona dereva na wenzake wanapakia madumu, wakasema mabomu haya, wakapiga. Yalikuwa maji. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada. Wakafa watu 10, watoto 7 humohumo, na jeshi lilikaa karibu wiki tatu linasema tumepiga magaidi ndo likaja kukiri. Wale nao walikuwa na hesabu yao ya darasa la tatu.

Yaani mi nikisoma hizi riwaya zenu kinachoniudhi hata sio afisa kuua, ni afisa kuwa na uhakika. Mnampa shida ya moyo tu wakati shida yake kubwa ni kwamba hajui.

Isilii_Section3

Dada Wakili umesema. Na Kachumbari, binamu yangu alikuwa anafanya kazi Westgate, alitoka na mlango wa nyuma akiwa hana viatu, ameniambia watu huko ndani walikuwa wanaambiana magaidi ni kumi na tano, ishirini, sijui kuna mwanamke mzungu. Baadaye ilionekana ni wanne. Hiyo ndio habari uko nayo saa moja ya kwanza, sasa shika mtu.

Baharia_wa_Elbe

Nimechelewa, nilikuwa zamu. Niko Hamburg mwaka wa kumi na moja, hapa ndo walitoka wale wa Septemba 11 akina Mohamed Atta, kwa hiyo hizi stori za majasusi huku haziishi. Kuna sinema yake ya 2014, A Most Wanted Man, afisa wa Kijerumani anamtumia kijana kumpeleleza baba yake mzazi. Chumvi kama hujaiona itafute, hamna droni wala mlipuko, ni mtu mnene anavuta sigara na kuahidi watu vitu ambavyo mwisho wake wakubwa wanavikanyaga.

Ila swali lako la Sudi na begi, hilo sio la kutunga, lilishatokea na lina ripoti. Ireland ya Kaskazini, miaka ya vita na IRA, kundi la silaha lililotaka Waingereza waondoke, jeshi la Waingereza lilikuwa na mtu wao ndani kabisa, jina la kificho Stakeknife. Na alikuwa wapi? Alikuwa kwenye kile kitengo cha IRA chenye kazi ya kusaka wasaliti, kuwahoji na kuwaua. Umeelewa? Mtoa habari wa serikali kazi yake ilikuwa kuwasaka watoa habari wa serikali. Waliomsimamia wakawa na shida ileile ya Mbaruku lakini sio usiku mmoja, miaka na miaka. Leo kuna mtu kakamatwa na kitengo anaenda kuuawa, tukimwokoa watajua tuna mtu ndani. Wakanyamaza. Kesho mwingine. Wakanyamaza.

Na miaka yote maneno yalikuwa hayahaya ya Kachumbari, ooh huyu bwana kaokoa mamia ya watu. Polisi wakafungua uchunguzi 2016, operesheni Kenova, ripoti ya awali ikatoka Machi 2024. Wakahesabu. Waliookolewa kwa habari zake hawafiki hata mamia, wakasema ni kuanzia karibu kumi hadi kumi na kidogo tu, na kwamba inaelekea walikufa wengi kuliko waliookolewa. Mwenyewe alishafariki 2023 bila kuhukumiwa kwa lolote katika hayo mauaji.

Sasa mi nilijiuliza, ilikuwaje watu wazima wenye akili wakakosea hesabu hivyo? Nadhani ni kwamba aliyekufa unamwona, ana jina, ana mama, ila huyo wa kuokolewa yuko kesho, na kesho unaweza kuijaza watu unaotaka. Boti yako ina watu mia tatu kwa sababu wewe mwandishi umewapakia. Mbaruku hajawaona.

Alafu kuna kitu kitakusaidia kwenye mtihani wa begi. Uingereza 2021 walipitisha sheria ya kuruhusu watoa habari watende makosa wakiwa kazini, kwa kibali. Bunge likagombana, wengine wanasema andikeni basi mambo yasiyoruhusiwa kabisa, kuua, kutesa, kubaka. Serikali ikakataa kuyaorodhesha, ikasema tukiandika orodha magaidi wataisoma na kuitumia kupima watu, lile lililokatazwa ndo utaambiwa ulifanye uthibitishe. Ndo begi la Sudi hilo. Ila Kanada wao wameandika wazi kwenye sheria yao, hakuna kusababisha kifo wala kujeruhi mwili, na idara yao ya ujasusi ipo inafanya kazi mpaka leo. Hapo ndo mahali pa kuweka ugomvi wa Mbaruku na bosi wake, sio mambo ya kukunja ngumi mezani.

Kachumbari_Kali

Sawa Baharia umenipiga za uso nakubali. Lakini hilo la kuiba kuku bado silielewi, mtu akiibiwa kuku wawili si ndo analala palepale kulinda waliobaki? Mi babu yangu alikuwa mlinzi wa shule, alipoibiwa bata alilala bandani wiki nzima na panga.

Isilii_Section3

Basi waibwe wote.

Wakili_wa_Mchongo

Hapo mmeanza kufanya kazi ya Mbaruku kweli. Kiofisi ndivyo inavyokwenda, si mkutano wa kupiga kura nani afe, ni watu wamechoka saa tano usiku wanabishana kuhusu kuku. Na kuna njia zingine, begi linaweza kulipuka nusu, polisi wa doria wanaweza kumkamata mzee kwa kosa la kipuuzi tangu saa mbili, umeme unaweza kukatika. Kila mojawapo ina harufu yake na kikundi kitanusa. Mwache Mbaruku ajaribu moja, asijue kama imefaulu mpaka asubuhi.

Na kaka, yule mlinzi hana jina. Sudi ana jina, Mbaruku ana jina, hata godauni umelielezea rangi kwenye sehemu ya kumi na tatu, nilisoma. Mzee ni "mzee".

Chumvi_ya_Tanga

Wakuu nimesoma yote mara mbili na nimeshindwa kulala, kwa hiyo ahsanteni na mkome.

Hilo la jina limeniuma kwa sababu sikulificha kwa makusudi, sikumfikiria tu. Nilimweka pale ili afe. Nimekaa nikajiuliza ni nani, nikakumbuka mzee mmoja alikuwa analinda duka la jumla barabara ya kumi na mbili nikiwa mdogo, akitupa vifuniko vya soda tuchezee. Sasa anaitwa Mzee Mbwambo, katoka Upare, ana redio ya betri aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli, na kuku ni kumi na mmoja.

Mateso nimefuta. Badala yake kwenye ya kumi na sita Mbaruku anakaa na yule mfungwa siku tatu wanaongelea mpira, na siku ya tatu mfungwa anauliza mama yangu kaambiwa niko wapi. Nimeishia hapo sijui anajibiwa nini.

Ya kumi na nne nimeposti jana. Mbaruku anamtuma mtoto wa dada yake akaibe kuku, na kwenye ripoti ya ofisini haandiki lolote kuhusu kuku wala begi. Sudi analiacha begi saa nane kasoro. Nimekata kabla halijalipuka, redio bado inasikika mle ndani na hatujui kama mwenyewe yupo au kaiacha inalia. Bosi wake nimempa maneno ya Baharia ya ile orodha, yametoka vizuri sana, mnisamehe sijawalipa.

Nilitegemea grupu litagombana kuhusu uamuzi. Mpaka asubuhi hii komenti ni hamsini na kitu, na karibu nusu wanauliza mtoto wa dada kapeleka wapi wale kuku.

Kachumbari_Kali

Kapeleka wapi kwani?